Hodi Tatu

Kikao kilinipa kalamu nyekundu na mwezi mmoja.
Nambari mia mbili hamsini na sita, wakasema,
tuligawiwa sisi watu wa redio za ridhaa wa Kusini
enzi ambazo hakuna aliyezitaka;
leo vijana wa Mtwara wamepanga foleni na mitambo yao
na hatuna hata moja ya kuwapa.
"Bi Somoe, wewe una mkono wa karani.
Anayelalia anwani, mwamshe. Asiyeamka, futa."

Basi kila usiku, hapa Nachingwea,
kwa umeme ukiwapo, kwa betri ya pikipiki usipokuwapo,
nabisha mlango mmoja mmoja.
Hodi ya mtandao ni kifurushi kidogo kinachokwenda na kurudi,
lakini adabu ni ile ile: mara tatu,
kimya, geuka uende zako.

Ya kwanza: hodi, hodi, hodi. Kimya.
Ya pili, kimya.
Ya tatu ni ya Ajili Mkwinda, aliyeiomba kwa barua ya kurasa nne
akiapa kuiunganisha Liwale na dunia.
Nilimpigia simu. Akacheka: "Kumbe bado ninayo?"
Antena aliiuza, akanunua mashine ya kukoboa.
Kumi na nne mpaka thelathini zina mtu mmoja,
mwalimu wa Lindi, "akiba ya wajukuu".
Wajukuu wako Dodoma, wana simu, zinawatosha.
Viwanja vya namna hiyo naviona njia ya Masasi:
mawe ya mpaka yanapakwa chokaa kila mwaka,
ndani mibono.

Kalamu nyekundu ina raha yake, sitaficha.
Nilifuta mpaka kidole kikaota sugu.

Ila sabini na saba iliitika.

Sabini na saba ni ya Gallus Nandonde wa Newala,
na Gallus tulimzika. Mimi ndiye niliyeshika msalaba
fundi akichora ishara yake ya wito chini ya jina.
Hodi moja tu: karibu.
Usiku wa pili, karibu.
Nikazima kila kitu, nikalala na taa.

Jumamosi nikapanda basi la alfajiri.
Mjane wake, Edeltruda, hakuuliza nimefuata nini.
Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kisima cha kuvunia mvua,
akafunua mfuniko. Ndani, chupa ya mafuta ya kula inaelea,
uzi, kikasha kimekazwa kwa mpira wa baiskeli,
waya umepanda mpaka juu ya bati, kwenye sola.
"Kinapima maji. Mwanangu anasoma akiwa Mahuta,
akiona yameshuka chini ya goti ananitumia mtu na madumu.
Kwani kinadaiwa?"

Sentimita sitini na moja.
Juu ya uwanda huu, mwezi wa kumi,
huo ni utajiri wa kuhesabiwa kwa kikombe.
Nilikata jina la Gallus, mkono mzito,
nikaandika Edeltruda Nandonde. Inatumika.
Leseni hana.
Fomu haikuuliza, nami sikuiambia.

Usiku wa Jumapili nikamalizia zilizobaki.
Mia mbili na tisa: hodi, hodi, hodi.
Kimya.
Nikashuka na kidole ukurasani kumtafuta mwenyewe, kalamu tayari.
Somoe Chilumba, Nachingwea.
Madhumuni: kituo cha hali ya hewa, shuleni.
Miaka tisa.
Mlingoti upo, naanikia kanga.
Kikasha kiko uvunguni, kwenye boksi lake, na risiti,
hakijawahi kuonja umeme.

Nikajibishia mara ya nne, kinyume cha adabu.
Saa nane, jogoo wa jirani, yule asiyejua saa, akawika,
nikapiga mstari.

Wa kwanza kwenye foleni ni binti wa Chikongola.
Nimemtumia nambari, na kikasha, kwa basi.
Risiti nimebaki nayo.